Sarafu za ulimwengu wa kubuni: shaba 100 = fedha 1, fedha 100 = dhahabu 1. Kasoro iko wapi?

mchora_ramani:
Wakuu, habari. Natunga ulimwengu wa riwaya: miji sita ya bandari, kila mji na sultani wake, biashara ya pembe, chumvi na nguo. Pesa nimezipanga hivi: shaba 100 hufanya fedha 1, fedha 100 hufanya dhahabu 1, na sarafu zote zina uzito mmoja. Mhusika mkuu analipia wali na samaki kwa dhahabu moja, anarudishiwa chenji. Baadaye yeye na mwenzake wanaiba sanduku la dhahabu na kukimbia nalo usiku. Msomaji wa rasimu amesema hesabu haikai. Haikai wapi? Na miji hiyo itumie sarafu moja au sita?

mizani_na_mawe:
Haikai kwenye uzito, mkuu. Sarafu zikiwa na uzito mmoja, umesema dhahabu ni ghali kuliko fedha mara 100. Kwa karne nyingi, sehemu nyingi za dunia, uwiano huo ulicheza kati ya 10 na 16. Shaba 100 kwa fedha 1 inaweza kusimama. Ulipoharibu ni huko juu.

Usianze na majina wala makumi. Anza na gramu, kisha ujira wa siku. Jaribu dhahabu ya gramu 4, fedha ya gramu 3, uwiano 12. Dhahabu moja ni gramu 48 za fedha, yaani sarafu 16. Fedha moja, kwa uwiano wako wa 100, ni gramu 300 za shaba. Zigawe kwa 64, kila sarafu inapata gramu 4.7 hivi. Namba 16 na 64 hukatika nusu kwa nusu bila masalio, na soko la watu wanaohesabu kwa vidole hupenda nusu, robo na thumuni, yaani sehemu ya nane. Rupia ya Unguja ilikuwa na pesa 64, vijisarafu vya shaba. Hata thumuni ya senti 50 inafuata hesabu hiyo: reali, sarafu kubwa ya fedha ya zamani, ilikuwa kama rupia mbili, rupia ikaja kuwa shilingi mbili, na thumuni ya shilingi nne ni senti 50.

Sasa ujira. Kibarua wa bandarini mpe shaba 32 kwa siku. Kibaba cha mtama kiwe shaba 3, basi pishi (vibaba vinne) ya kulisha nyumba ni 12, zinabaki 20 za kitoweo, kuni, kodi na nguo. Kwa mpango huu dhahabu moja ni ujira wa siku 32. Muuza wali akitaka kuivunja kwa shaba tupu, ni sarafu 1,024, kilo 4.8. Hana, na akiwa nazo atauliza umeiba wapi.

Sanduku: la sentimita 40 × 30 × 25 ni lita 30. Sarafu zilizomwagwa ovyo hujaza kama asilimia 60, zilizobaki ni hewa. Lita 18 za dhahabu ni kilo 347, karibu sarafu 87,000. Mpagazi wa msafara alibeba kama frasila mbili, kilo 32 hivi, kwa hiyo unahitaji watu kumi na mmoja. Wezi wawili waibe mkoba wa lita mbili, nao utawaumiza mabega.

mfua_fedha:
Nakubaliana na mizani hapo juu. Naongeza namna sarafu inavyotengenezwa, maana wizi mtamu zaidi uko kiwandani.

Fedha huyeyushwa pamoja na shaba kidogo ili iwe ngumu, humwagwa kuwa vipande, hugongwa hadi unene unaotakiwa, hukatwa visahani, na kila kisahani hupimwa na kuchongwa kingo hadi kifike uzito. Kugonga hukifanya kiwe kigumu na chepesi kupasuka, kwa hiyo kinachomwa hadi kiwe chekundu na kuzimwa majini. Ukiruka hatua hii kisahani hupasuka ukingoni kikipigwa chapa. Kisha kinalowekwa kwenye asidi hafifu, ndimu au ukwaju. Chapa ya chini imekitwa kwenye gogo, ya juu imeshikwa mkononi na kupigwa nyundo. Ya juu ndiyo huchakaa mapema, kwa hiyo picha muhimu, sura ya sultani kwa mfano, iwekwe chini.

Utapeli wa serikali umejificha kwenye ile asidi. Moto huunguza shaba iliyo juu ya kisahani, asidi huiondoa, inabaki ngozi ya fedha safi. Sarafu yenye nusu shaba inatoka nyeupe pee! Ikizunguka mikononi, sehemu iliyoinuka ndiyo inaanza kuwa nyekundu. Henry wa Nane wa Uingereza, aliyechorwa uso mzima, alianza kuwa mwekundu puani, na watu wakambandika jina la Pua ya Shaba.

Mghushi wa mtaani ana njia nyingine. Dhahabu ni ngumu kuigiza: shaba iliyopakwa dhahabu, kwa ukubwa uleule, haifiki hata nusu ya uzito. Mizani na kipimo cha tundu (tundu la ukubwa wa sarafu halisi) vinatosha kumkamata. Fedha ni rahisi zaidi, kwa sababu madini ya risasi ni mazito kuliko fedha na shaba ni nyepesi, hivyo ukizichanganya uzito unaweza kulingana. Hapo kinachomuumbua ni sauti. Fedha ikiangushwa juu ya jiwe inalia, risasi inabweka.

bandari_sita:
Miji sita, sarafu sita, ila chunga uwiano. Mji mmoja ukibadilisha dhahabu 1 kwa fedha 12 na wa jirani kwa 15, nahodha ananunua dhahabu hapa, anaiuza kule, anarudi na fedha tatu za ziada kila mzunguko. Mji wa kwanza utaishiwa dhahabu. Japani ilipofungua bandari mwaka 1859, uwiano wake ulikuwa kama 5 wakati wa nje ulikuwa zaidi ya 15. Dhahabu ilitoka kwa kasi, na mwaka 1860 ikabidi sarafu ya dhahabu ipunguzwe sana uzito.

Ningeacha kila sultani achape shaba yake ya sokoni, kama Kilwa ilivyofanya. Sarafu za Kilwa hazikuwa na mwaka wala thamani: jina la sultani upande mmoja, sifa ya Mungu upande wa pili, na maneno ya pande zote mbili yana kina kimoja, kama shairi. Kwa biashara ya baharini weka fedha ya kigeni ambayo hakuna sultani anayeimiliki. Reali ya Maria Theresa, malkia wa Austria, ilikuwa gramu 28, fedha sehemu 833 kwa 1,000, na iliendelea kuchapwa kwa mwaka uleule wa 1780 hata baada ya malkia kufa. Ukibadilisha mwaka, mfanyabiashara anaikataa. Wafanyabiashara walihesabu hadi lulu za bruchi (pini ya vazi) kwenye picha ya malkia.

mchora_ramani:
Asanteni, nabadilisha sura mbili nzima. Moja tu: kuna wachawi wanaogeuza risasi kuwa fedha. Nitumie simbi (makombe madogo ya baharini) badala ya metali?

mizani_na_mawe:
Simbi hufaa mradi pwani zinakookotwa ziwe mbali na mtumiaji. Karne ya 19 wafanyabiashara wa Hamburg, Ujerumani, walipakia simbi za Unguja, ambazo ni kubwa kuliko zile ndogo za Maldivi, wakazimwaga Afrika Magharibi shehena kwa shehena. Thamani ikaporomoka. Mchawi wako ni shehena ya Hamburg yenye miguu. Mpe gharama: kila gramu 3 za fedha zimle siku nzima ya nguvu. Hapo fedha yake inagharimu siku moja, wakati kibarua anaipata kwa mbili, na wachawi wataongezeka hadi ujira na bei vikutane.