Kuandaa tamasha la wakusanyaji wa vichezeo: tuanzie wapi, na haya mambo hufia wapi?

MdoliWaBati

Habari zenu wakuu. Sisi ni kikundi cha wakusanyaji wa vichezeo, wengine wa Transformers (wale roboti wanaogeuka magari), wengine wa vigari vya chuma vya Hot Wheels na Matchbox, na kuna akina dada wa Barbie ambao kiukweli ndo wana kumbukumbu kali kuliko wote, wanakwambia mdoli huyu alitoka dukani na nguo zipi mpaka viatu. Tumezoea kukutana majumbani tunabadilishana na kuuziana, lakini watu wamekuwa wengi, sebule haitoshi tena, na sasa wazo limekomaa la kufanya tamasha kabisa la mashabiki, siku mbili, ukumbi mkubwa, meza za wauzaji, sehemu ya maonyesho ambayo haiuzi kitu, mgeni mmoja au wawili wa kualikwa (tunawaza walioigiza sauti kwenye katuni), na ikiwezekana kichezeo cha toleo maalum kinachopatikana pale tu.

Shauku ipo ya kutosha, uzoefu hakuna. Naomba wale mliowahi kuandaa au hata kuweka meza mnieleze, mambo haya hufia wapi hasa? Tunaogopa zaidi pesa ya ukumbi, feki, na walanguzi wanaokomba kila kitu asubuhi halafu shabiki wa kawaida anakuta meza tupu. Alafu kuna mwenzetu anasema tukiweka jina la kichezeo kwenye tiketi tutashtakiwa, mwingine anasema hakuna shida kabisa. Nani yuko sahihi?

KabatiLaKioo

Hongereni mkuu. Anza na ukumbi kabla hujagusa kitu kingine chochote, hata bango usichore. Nimesaidia kuandaa matamasha ya aina hii kwa muda mrefu na sijaona lililokufa kwa kukosa vichezeo, yanafia kwenye mkataba.

Hoteli ikikupa ukumbi kwa bei chee nenda moja kwa moja kasome kipengele cha vyumba. Mara nyingi ule unafuu umetokana na wewe kuahidi kwamba wageni wako watalala palepale, tuseme umeahidi vyumba mia na mkataba unataka angalau asilimia 80 vijae, vikijaa hamsini basi vile thelathini vinavyopungua unavilipa wewe mwandaaji, na hapo ndo mtu anaanza kuuza makusanyo yake alipe deni. Na wakusanyaji mnawajua, malazi wanabana ili wapate cha kununulia, wanne wanajibana chumba kimoja, mwingine analala kwa ndugu yake. Kwa hiyo ahidi vyumba vichache mnoo, na uulize mwisho wa kupunguza idadi bila faini ni tarehe gani, hiyo tarehe kila mwanakamati aijue kwa kichwa.

Pesa ya mlangoni usiipangie kulipa ukumbi. Kuna DashCon ya mwaka 2014 kule Marekani, haikuwa ya vichezeo, ilikuwa ya mashabiki wa mtandao wa kijamii wa Tumblr, lakini kila mwandaaji aijue. Tamasha limeshaanza, watu wako ndani, waandaaji wanasimama kuomba dola 17,000 papo kwa papo kwa maelezo kwamba hoteli inazitaka. Watu walichanga kweli, lakini baadhi ya wageni walioalikwa hawakupanda jukwaani kwa sababu ya malipo, na jina la tamasha likachafuka. Ukumbi ulipwe na meza zilizouzwa mapema pamoja na tiketi za mapema, na kama hizo hazifiki basi punguza ukumbi, usiongeze matumaini.

Vingine vinavyosahaulika: mlango wa mizigo una upana gani, lifti inabeba nini, wauzaji wataruhusiwa kuingia usiku wa kuamkia au asubuhi ileile. Muuzaji wa vichezeo hana begi moja, ana makreti ishirini na kabati la vioo, na kama wote wanapita mlango mmoja mdogo saa moja asubuhi basi saa nne mnafungua nusu ya meza bado ziko wazi. Uliza pia umeme. Wenye makabati wote wanataka taa na ukumbi mwingi una soketi ukutani tu, meza za katikati zinabaki gizani au mnajaza nyaya sakafuni watu wajikwae. Na uliza usiku nani ana funguo za ukumbi. Mtu aliyeacha mezani vitu alivyovitafuta maisha yake yote ana haki ya kulijua jina la mlinzi. Bima ya dhima kumbi nyingi wanaidai hata hivyo, ila soma vizuri, ile inahusu mtu kuumia au ukumbi kuharibika, haigusi vitu vya wauzaji, hilo waambie mapema kwa maandishi.

GurudumuDogo

Kwenye suala la jina, huyo mwenzenu anayeogopa ana hoja. Transformers ni alama ya biashara ya kampuni ya Hasbro, Barbie na Hot Wheels na Matchbox ni za kampuni ya Mattel. Kuuza kichezeo orijino kilichokwisha kununuliwa dukani kwa kawaida hakuna ugomvi, na kuandika kwamba kutakuwa na wauzaji wa vitu hivyo kwa kawaida pia hakuna ugomvi. Ugomvi unaanza pale jina lao linapokuwa jina la tamasha lako, au nembo yao inapokaa kwenye tiketi na fulana unazouza. Muone mwanasheria wa alama za biashara mapema, saa moja ya ushauri ni rahisi kuliko kuchapisha kila kitu upya.

Njia ziko mbili na zote zimejaribiwa. BotCon ilianzishwa na mashabiki wa Transformers mwaka 1994, Fort Wayne, Indiana, na baadaye ikaja kuwa tamasha rasmi chini ya leseni ya Hasbro. Faida zake ni kubwa, wabunifu wa kampuni wenyewe wanakuja kuonyesha vitu vipya na unapata toleo maalum halali. Lakini leseni ina mwenyewe, ilipofika mwisho 2016 ule mfululizo ukakatika, hata mashabiki wangekuwa wengi kiasi gani. TFcon iliyoanzia Canada wao walishika njia nyingine, tamasha la mashabiki bila leseni, na lipo mpaka leo. Mimi kwa kikundi kinachoanza nasema fuateni hiyo ya pili, tena nyie mna vichezeo vya kampuni tofauti, leseni mtaomba ngapi?

Hilo toleo maalum sasa. Naelewa linavyovutia, watu wanasafiri mbali kwa sababu ya kichezeo kimoja, ila mwaka wa kwanza liacheni. Kinachokula pesa kwenye kichezeo cha plastiki ni kalibu ya chuma, yaani ile inayoipa plastiki umbo lake, plastiki yenyewe si kitu, na kalibu mpya inaweza kufika makumi ya maelfu ya dola kabla hujatoa kipande hata kimoja. Ndo maana hata hayo matamasha makubwa yenye leseni kwa kawaida yanachukua kalibu iliyopo yanabadilisha rangi na kichwa. Ukipata kiwanda cha kukufanyia, kitakuwekea idadi ya chini ya kuagiza, na idadi hiyo inaweza kuwazidi wageni wako wote. Alafu hesabu muda, sampuli ya kwanza, marekebisho ya rangi, uzalishaji, meli, ushuru, na viwanda vya China vinafungwa kwa wiki kadhaa mwaka mpya wao ukifika, kati ya mwishoni mwa Januari na Februari. Mzigo ukifika wiki moja baada ya tamasha umebaki na maboksi ya kitu kisichouzika, hadithi yake imeshapita.

Fanyeni kitu kidogo chenu. Beji ya chuma nzuri, kadi iliyochorwa na msanii wa humohumo kikundini, au stika za namba kwa vigari. Watu wanazitunza.

BoksiHalijafunguliwa

Mimi ni muuzaji wa vitu vya zamani na ninakusanya pia, nitaongelea feki maana hapo ndo uaminifu wa tamasha unajengwa au unabomoka.

Andikeni sheria kabla ya kuuza meza ya kwanza, na iseme wazi vitu vitatu tofauti maana watu wanavichanganya. Kuna feki, kitu kilichonakiliwa na kuuzwa kama orijino. Kuna vipuri vya kuiga, bunduki au koti jipya kwa kichezeo cha zamani, hivi si dhambi kama vimetajwa. Na kuna vile vya makampuni yasiyo na leseni yanayobuni roboti wao wanaofanana na wahusika maarufu, wakusanyaji wengi wa Transformers wanavipenda na wanavinunua kwa macho wazi, hapo kamati iamue kama mnaruhusu au la, ila mkishaomba leseni kwa kampuni sahauni habari hiyo.

Mfano wa jinsi ilivyo ngumu: vichezeo vya filamu za Star Wars vilivyotengenezwa na kampuni ya Kenner, vilianza kutoka 1978, vile visilaha vyake vidogo vinaigwa sana. Wazee wa kazi wanavidumbukiza kwenye glasi ya maji, orijino vingi vinaelea na vya kuiga vingi vinazama, lakini kuna vya kuiga vinavyoelea pia, kwa hiyo kuelea peke yake hakumalizi ubishi. Au yule Jawa, kijitu kidogo cha filamu hizohizo, mwenye koti la vinili (plastiki laini), lilitoka muda mfupi likabadilishwa kuwa la kitambaa, hivyo la vinili lina thamani kubwa, na watu wamekuwa wakichukua koti la mhusika mwingine, Obi-Wan, wanalikata wanalivisha Jawa. Anayejua anaangalia ukingo wa koti na matundu ya mikono. Mtu aliyelipia kitu kama kile halafu anaambiwa na jirani wa meza ya pili kwamba ni koti lililokatwa, atakuja kwenu na kilio chake, sio kwa muuzaji.

Ndo maana nashauri muwe na meza ya ukaguzi. Wakongwe wawili watatu wa kila aina ya kichezeo, wenye taa nzuri na kioo cha kukuzia, mnunuzi apeleke kitu kabla ya kulipa. Wasitaje bei, wasitoe cheti, waseme tu wanachokiona. Hao akina dada wa Barbie wawekeni hapo na wapewe heshima yao. Na muuzaji akikataa kitu chake kisipelekwe kwenye ile meza, hiyo nayo ni taarifa.

Kuhusu walanguzi nisikufiche, wa kwanza kukomba ni sisi wauzaji wenyewe. Wakati wa kupanga meza, milango bado imefungwa, tunazunguka tunauziana, vile vitu adimu vinahama mikono kabla shabiki hajaingia. Inaudhi, nakubali, na bado nasema msiipige marufuku kabisa, wauzaji wengi wakubwa wanakuja kwa ajili ya hiyo saa.

KabatiLaKioo

Hapo kaka tunatofautiana. Mimi naona mauzo kabla ya kufungua yakatazwe na mtu awe anazunguka kusimamia. Shabiki amelipa tiketi, amesimama foleni tangu alfajiri na mtoto wake, anaingia anakuta kitu kilekile kimehamia meza ya tatu na bei imepanda mara mbili. Huyo harudi tena mwakani na anawaambia wenzake.

BoksiHalijafunguliwa

Nakuelewa kabisa, ila kukataza ni rahisi kwenye karatasi, watauziana kwenye maegesho. Wekeni tiketi ya kuingia mapema basi, saa moja kabla, idadi ndogo, bei ya juu kiasi, ili shabiki anayetaka kweli apate nafasi sawa na sisi. Na vitu vinavyotolewa na kamati yenyewe viwe kimoja kwa kila mtu, mnatoboa beji yake ya kuingilia akishachukua. Msipange yote siku ya kwanza asubuhi, nusu iwekeni ya Jumapili.

SautiYaKatuni

Nimewahi kushughulikia wageni waalikwa. Mgeni hagharimu nauli na chumba peke yake, wengi wana kiwango cha chini wanachohakikishiwa, maana yake pesa ya saini na picha ikipungua pale mezani kwake nyie mnafidia. Tuseme mmempa kiwango cha saini mia mbili na ukumbi una watu mia tatu, hesabu haiji, maana wengi wamekuja kununua roboti. Alikeni mmoja tu, au badala yake mtafuteni mtu aliyechora picha za maboksi au aliyebuni vichezeo vyenyewe. Hawa mara nyingi hawana mawakala wakali, na wakusanyaji watamsikiliza saa nzima akieleza kwa nini mkono wa roboti uliwekwa skrubu pale.

Na watoto wasisahaulike. Wekeni meza moja chini, ya vichezeo vya kushikwa na kuchezewa, la sivyo mtoto atashika kile cha kwenye kabati na baba yake atakilipa huku analia.

MdoliWaBati

Wakuu asanteni sana, hii mada nimeichapisha karatasini na kuipeleka kikaoni.

Tumekubaliana hivi: toleo maalum hakuna mwaka huu, tutatoa beji anayoichora kijana wetu wa vigari. Siku moja badala ya mbili, na tumeachana na hoteli, tunaangalia ukumbi usiokuwa na habari ya vyumba. Jina la tamasha halitakuwa na jina la kichezeo chochote. Meza ya ukaguzi imepita bila ubishi, akina dada wameshaanza kuandika wenyewe watakachokuwa wanakiangalia. Kwenye saa ya mapema bado tumegawanyika, nusu wako na KabatiLaKioo nusu wako na BoksiHalijafunguliwa, tutapiga kura.

Swali moja limebaki kwa yeyote anayejua: wauzaji wa nje ya nchi wanaoleta mzigo wa kuuza halafu wanarudi na kilichobaki, forodhani mnawasaidiaje?

GurudumuDogo

Waulize kama nchi wanayotoka na yenu zote zinapokea karneti ya ATA, ni hati ya kuingiza vitu kwa muda bila kulipa ushuru, inatolewa kupitia vyama vya wafanyabiashara. Lakini ile inafaa kwa vya maonyesho vinavyorudi vyote. Kitakachouzwa kinalipiwa ushuru kama mzigo mwingine wowote, kwa hiyo muuzaji atenganishe makreti tangu kwao, la maonyesho lake na la kuuza lake, na orodha ya kila kitu na thamani yake iwe juu ya kreti, sio kwenye simu yake.