Kwa nini ARV zicheleweshwe kwa mgonjwa mwenye fangasi kwenye ubongo?

Mdadisi:
Habari zenu, ndugu wanajukwaa. Kaka yangu anaishi na VVU na aliacha dawa kwa muda mrefu. Aliporudi kliniki akilalamikia maumivu ya kichwa yaliyodumu majuma kadhaa, CD4 zake (chembe za kinga ya mwili) zilikuwa 64, na maji yaliyotolewa mgongoni yakathibitisha kwamba ana homa ya uti wa mgongo inayosababishwa na fangasi aina ya kriptokokasi. Amelazwa na anapewa dawa za fangasi, lakini madaktari wanasema hatarudishiwa ARV hadi yapite majuma kama matano. Siku zote tumeambiwa ARV zianzwe mapema iwezekanavyo. Iweje leo zisubiri? Isitoshe, wanataka kumchoma tena sindano ya mgongo, na mama anakataa kwa kuwa amesikia kwamba hupoozesha.

Muuguzi wa wodi:
Pole sana, ndugu yangu. Madaktari hawajakosea. Kinga ya kaka yako imedhoofika kiasi kwamba haiwezi hata kupambana na fangasi walioenea ubongoni. ARV zikiirudisha ghafla wakati fangasi hao bado ni wengi, kinga hiyo huwashambulia kwa nguvu na kuleta uvimbe, nao uvimbe ndani ya fuvu hauna pa kwenda. Utafiti uliofanyika Uganda na Afrika Kusini, uliochapishwa mwaka 2014, uliwafuatilia wagonjwa 177 wa aina hii: walioanzishiwa ARV katika juma la kwanza au la pili, asilimia 45 walifariki ndani ya miezi sita, ilhali waliosubiri majuma matano ni asilimia 30. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linaelekeza kusubiri majuma manne hadi sita baada ya dawa za fangasi kuanza. Kwa utando mweupe wa kinywani, ambao nao ni fangasi, hakuna haja ya kusubiri hivyo.

Kuhusu sindano, naomba umweleze mama kwa upole kwamba huingizwa kiunoni, chini ya mahali uti wa mgongo wenyewe unapoishia. Safari hii si ya kupima tu, bali ni sehemu ya matibabu. Fangasi huziba njia ambazo maji ya ubongo hupitia kurudi kwenye damu, shinikizo likapanda, na mgonjwa akaumwa kichwa, akaona vitu viwili viwili au hata akapoteza uwezo wa kuona. Kuyapunguza maji hayo, pengine kila siku, huokoa maisha. Kwa maoni yangu, familia nyingi hukataa kwa sababu tu hakuna aliyewaeleza jambo hili.

Mfamasia:
Naongezea upande wa dawa. Tangu mwaka 2022, tiba inayopendekezwa kwanza ni dozi moja kubwa ya amfoterisini B ya liposomu (iliyofungwa ndani ya vitone vidogo sana vya mafuta) kwa mshipa, pamoja na flusitosini na flukonazoli kwa siku 14. Ulizeni kama flusitosini ipo, kwani flukonazoli peke yake ni dhaifu mno kwa ugonjwa huu. Kinachoniumiza zaidi ni yale yanayotokea baada ya mgonjwa kuruhusiwa: hujiona amepona, akaacha flukonazoli, na ugonjwa ukarudi. Dawa hiyo huendelea kwa majuma manane kwa dozi ya kati, kisha kwa dozi ndogo kwa angalau mwaka mmoja, na huachwa kwa uamuzi wa daktari pekee, CD4 zikiwa zimepanda na virusi vimefubazwa.

Mdadisi:
Nawashukuru sana, mama amekubali. Je, watoto wa nyumbani wanaweza kuambukizwa na kaka?

Muuguzi wa wodi:
Hapana, ugonjwa huu hauambukizwi kutoka kwa mtu hadi mtu. Vimelea vyake hukaa katika udongo na kinyesi cha ndege, hasa njiwa, navyo huvutwa kwa pumzi. Mwenye kinga imara huvizuia bila hata kujua. Kaka yako akishaanza ARV, kichwa kikirudi kuuma au akianza kuchanganyikiwa, mrudisheni hospitali siku hiyohiyo, wala msimwachishe dawa yoyote kwa uamuzi wenu.