MJADALA: Wabunifu wadogo wa Dodoma wapewe ruzuku, wakopeshwe kwa vikundi, au wapewe oda?

Mtoa mada

Wakuu, habari za jioni. Naomba hili tulijadili bila matusi.

Kila tukisema wabunifu wadogo wa hapa Dodoma hawasaidiwi, tunajibiwa, "Si kuna asilimia kumi?" Kweli ipo. Sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo hauna riba. Ulisimamishwa Aprili 2023 kwa sababu ya vikundi hewa na madeni sugu, ukarudi 2024 kwa utaratibu mpya, na Jiji letu likawekwa kwenye zile halmashauri 10 za kujaribia mikopo kupitia benki. Kuna pia Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, nao unakopesha.

Sasa angalieni: karibu kote ni mkopo. Na ule wa halmashauri ni wa vikundi, ukitoa wenzetu wenye ulemavu walioruhusiwa hata mmoja mmoja. Anayeshona viatu vya ngozi pale Majengo, anayechora, anayechonga, anayedarizi, kazi yake iko kwenye mkono wake mwenyewe. Unamwambia atafute wenzake, waandike katiba, wachague mwenyekiti, katibu na mweka hazina, wafungue akaunti, wamwone afisa maendeleo ya jamii wa kata, waingizwe kwenye mfumo. Wanafanya yote. Mwisho unakuta kikundi cha batiki kina mtu mmoja anayejua kuchovya kitambaa na wanne wanaosubiri mgao. Hela ikitoka inagawanwa juu kwa juu, mwenye kazi anabaki na kiasi kisichonunua jora mbili.

Hoja yangu: sehemu ya fedha hizo iwe ruzuku kwa mtu mmoja mmoja, na asipewe taslimu, apewe vifaa. Nani anapinga?

Mhasibu Mstaafu

Napinga, tena kwa herufi kubwa. Nimefanya kazi za fedha serikalini mpaka nimestaafu, na ninajua ruzuku ya mtu mmoja mmoja inaishia wapi: kwa shemeji wa mtu. Kikundi kina kasoro zake, lakini angalau kuna majina, sahihi na deni lililoandikwa mahali. Ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, zimeeleza mara kwa mara mabilioni ya mikopo hii ambayo hayajarejeshwa, na wewe unataka tufute hata hilo neno "kurejesha"? Fedha ikirudi, anakopeshwa mwingine. Ukigawa cherehani bure mwaka huu, mwakani huna cha kumpa wa pili. Na hizo cherehani za msaada tumeshaziona zikiuzwa hata nailoni hazijavuliwa.

Kijana wa Ipagala

Mzee kaua. Nyuzi ifungwe 😂

Mama Batiki

Isifungwe. Shikamoo mzee wangu. Naomba niseme kama mwenye kazi.

Sisi tulikuwa watano, wanawake watupu, na wote tunajua kuchovya. Hakuna hewa wala shemeji. Tuliomba mapema tukijua kabisa kwamba wateja wetu wakubwa wanakuja na Bunge la Bajeti, Aprili mpaka mwisho wa Juni. Hela ikatoka Bunge limeshaahirishwa. Nanenane ya Nzuguni ikatuokoa kidogo, baada ya hapo mji ukapoa na marejesho yakaanza.

Naona watu wanaongelea biashara kama zote ni vitumbua, unakaanga asubuhi, saa nne umemaliza. Batiki unachora kwa nta, unachovya kwenye rangi yenye kostiki, unaanika kivulini, unapiga nta tena kwa rangi ya pili, kisha unachemsha kitambaa mpaka nta iachie. Ukijisahau ukaanika juani, jua letu hili mnalijua, rangi inapauka upande mmoja na hicho kitambaa unakivaa mwenyewe. Kikitoka kizuri, bado kinaweza kukaa kabatini miezi mitatu mpaka aje anayependa ua lile na rangi ile. Tarehe ya marejesho haijui hayo mambo.

Tulilipa deni lote. Tulililipa kwa kuuza maandazi asubuhi stendi. Mkopo wa batiki umelipwa na maandazi, mzee wangu, na kwenye vitabu vya halmashauri tunasomeka kikundi kilichofanikiwa.

Mhasibu Mstaafu

Marahaba mwanangu. Hapo umesema kitu. Ila bado naona tatizo ni ratiba. Marejesho yafuate msimu kama wanavyofanyiwa wakulima, na hela itoke Februari, siyo Julai. Hiyo haihalalishi kugawa bure.

Machinga Bahi Road

Samahani wakuu, kwani hawa wabunifu wana nini kuliko sisi? Hata mimi Bunge likifungwa soksi haziendi.

Mtoa mada

Ndugu yangu, soksi zisipoenda leo Dodoma, unazipeleka gulio la Kibaigwa ni zilezile na bei ni ileile. Kitu kilichobuniwa kinahitaji mnunuzi wake. Lakini sikatai, mchuuzi naye ana hoja. Nisichokubali ni sote kupimwa kwa kipimo kimoja.

Mpiga Zeze

Naona mnaongelea vitambaa tu. Sisi wa ngoma mmetuweka wapi?

Nieleze inavyokuwa. Akija mgeni mkubwa, tunapigiwa simu jana yake. Tunapakiwa alfajiri, sisi na akina mama wa muheme, ile ngoma ya Wagogo, na ngoma zao, tunakaa juani mpaka saa saba, tunacheza dakika kumi, mgeni anatikisa kichwa, anapita. Mwenye tenti analipwa kwa ankara. Mwenye viti, mwenye muziki, mshereheshaji, hali kadhalika. Sisi tunapewa soda, wali wa kwenye boksi na bahasha moja ya nauli kwa kikundi kizima, tena kiongozi anasaini karatasi ambayo kiasi kilichoandikwa hakuna aliyetuonyesha. Halafu mnasema tukope. Tukope tukalipe na nini, na kushangiliwa?

Kila tukilia njaa mtu anatutajia mwanamuziki marehemu Hukwe Zawose, kwamba naye alikuwa Mgogo wa huku huku na sauti yake ikafika Ulaya. Sawa, lakini semeni na njia aliyopita. Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam, akawa kwenye kikundi cha ngoma cha Taifa, baadaye akafundisha Bagamoyo. Alikuwa na mshahara. Hakuna aliyemwambia atafute wenzake wanne wakaandike katiba.

Na kutengeneza ilimba, kile kinanda chetu cha vidole gumba, siyo kugonga misumari kwenye ubao. Vyuma unavifua kimoja kimoja na kuvipanga mpaka viitikiane. Kuna vitundu unaviziba kwa utando wa buibui ili sauti itoe ule mvumo wake. Utando ukichanika ilimba inakuwa bubu nusu. Hiyo hufundishwi kwa semina ya siku mbili ya ujasiriamali, unakaa na mtu mwaka. Vijana wa kujifunza wanakuja, ninao hata sasa, ila saa sita mchana wanatakiwa kula, na mimi sina. Kama kuna ruzuku, alipwe huyo kijana posho ajifunze. Mimi msinipe kitu.

Mhasibu Mstaafu

Posho ya mwanafunzi wa fundi naikubali. Ina jina, ina muda na ina mwisho. Nashangaa kidogo kwamba nimekubali.

Mzabuni Mdogo

Mtoa mada, mlango unaougonga siyo wenyewe. Hela ya wabunifu Dodoma haiko kwenye asilimia kumi, iko kwenye manunuzi. Serikali ilianza kuhamia huku 2016, na sasa wizara ziko hapa, kwenye Mji wa Serikali Mtumba. Kila wiki kuna kikao, na kila kikao kina mabegi, kalenda, fulana, zawadi za wageni. Lifungue hilo begi la semina uangalie limetoka wapi. Limekuja limeshashonwa kutoka Kariakoo, hapa limechapwa nembo tu.

Na sheria ya manunuzi inasema asilimia 30 itengwe kwa makundi maalumu, yaani wanawake, vijana, wazee na wenye ulemavu. Hiyo asilimia 30 ya manunuzi ya wizara moja, ukiweka na ya taasisi zake, nadhani mikopo ya halmashauri haiioni ndani.

Lakini msiikimbilie macho yamefungwa. Mnajisajili NeST, ule mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, mnasubiri, mnashindana. Mimi nilishapata oda ya mabegi 200 ya kitenge kutoka ofisi moja, siitaji. Nikapewa LPO, ile hati ya oda, nikafurahi, nikagundua LPO siyo hela. Kitambaa, zipu, mafundi wanne, vyote nilivilipia kwa kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa. Mabegi yakapokelewa, yakasifiwa, wakayabeba. Malipo yakaja baada ya miezi mitano, "mfumo uko chini", "kasma haijafunguliwa", "njoo Jumatatu". Faida yote ikaliwa na kausha damu. Oda ya pili walivyonipigia niliwaambia ninaumwa.

Mama Batiki

Hapo ndipo nilipokuwa napatafuta. Mimi sitaki cherehani ya bure wala sitaki kikundi. Nataka mtu aniagize, na anipe nusu nikanunue majora.

Mtoa mada

Basi niiweke hivi, mnirekebishe. Mbunifu akipata LPO ya ofisi ya umma, aende nayo halmashauri. Ile hela ya asilimia kumi imlipie kitambaa na malighafi, moja kwa moja dukani, siyo mkononi. Ofisi ikilipa, halmashauri inakata chake kwanza, kinachobaki ni cha fundi. Awe mmoja au watano, kazi ni ileile. Na asilimia ndogo ya ruzuku ibaki kwa wanafunzi wa mafundi kama hao wa ilimba, maana huko hakuna LPO itakayokuja.

Mzabuni Mdogo

Hiyo ningechukua hata kesho.

Mhasibu Mstaafu

Sheria ya sasa haisemi hivyo, ingebidi kanuni zibadilishwe. Lakini mantiki ninaiona, kwa sababu deni linakaa juu ya kazi iliyoagizwa. Swali langu moja. Ofisi ikikaa miezi mitano bila kulipa, mkaguzi akija, mdaiwa sugu anaandikwa nani? Fundi au hiyo ofisi?

Mama Batiki

Ofisi, mzee wangu. Mimi mzigo nimeshapeleka na karatasi ya mapokezi ninayo, imegongwa mhuri.

Mhasibu Mstaafu

Basi hicho kipengele kiandikwe cha kwanza kabisa kwenye kanuni. Kisipoandikwa, watakuandika wewe.