Chenji ya bima ya afya Marekani ni ya mfanyakazi, siyo ya bosi

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na hasira na sitaki kuificha. Niko Marekani, nalea wazee, kazi ambayo Watanzania na Wakenya wengi wa huku wanaijua vizuri. Kila wiki mbili mshahara unapoingia, bima ya afya imeshachukua chake kabla sijagusa hata senti. Kukatwa sikatai, maana ugonjwa haupigi hodi. Kinachoniumiza ni hii pesa inayotakiwa kurudi kwetu halafu hatuioni.

Kwa wasiofahamu: sheria ya afya aliyoisaini Obama Machi 2010, ile inayoitwa Obamacare, ina kifungu kinachozibana kampuni za bima. Kwa waliojikatia bima wenyewe na kwa waajiri wadogo, angalau senti 80 za kila dola ya ada lazima ziende kwenye matibabu na kuboresha huduma. Kwa waajiri wakubwa ni senti 85. Mishahara ya mabosi, matangazo ya televisheni, kamisheni za mawakala na faida, vyote vibanane kwenye kinachobaki. Kampuni ikishindwa kufikisha kiwango hicho, tofauti inairudisha kwa wateja. Marejesho ya kwanza yalitoka kufikia Agosti 2012: dola bilioni 1.1 kwa watu milioni 12.8, wastani wa dola 151 kwa familia iliyoguswa. Tangu hapo zimesharudishwa zaidi ya bilioni 10, na mwaka 2020 peke yake zilifika karibu bilioni 2.5. Siyo hela ya kudharau.

Sasa sikieni njia inayopita. Ukijikatia bima mwenyewe, unaletewa hundi au unapunguziwa ada. Sisi tunaopata bima kupitia kazini, hundi anapelekewa mwajiri. Mfanyakazi unaletewa barua tu. Ya kwangu ninayo hapa mezani. Inasema kampuni ilitakiwa kutumia asilimia kadhaa ya ada kwenye matibabu, haikufikisha, hivyo inamrudishia mwajiri wako asilimia fulani ya ada zote za kundi. Kisha inaeleza kwamba mwajiri anaweza kuwapunguzia makato au kuwagawia fedha taslimu. Ni dola ngapi zimekwenda kwake, haisemi. Ngapi kati ya hizo ni zangu, haisemi. Nitazipata lini, haisemi.

Mama mmoja wa Kisumu tunayefanya naye zamu ya usiku alikuwa ameshaitupa ya kwake kwenye takataka. Nilipomuuliza akaniambia, "Mwanangu, hizi barua zote si zinatafuta kuniuzia kitu?" Simlaumu hata kidogo. Imeandikwa kana kwamba aliyeiandika aliomba isisomwe.

Na msidhani mwajiri ana hiari ya kufanya apendavyo. Maelekezo ya Wizara ya Kazi ya huku yako wazi: kwa mipango ya bima ya waajiri binafsi, kama wafanyakazi walichangia sehemu ya ada, sehemu ya marejesho inayotokana na michango yao ni mali ya mpango, na lazima itumike kwa faida yao. Kwetu tunachangia nusu. Nikawaandikia HR, yaani ofisi ya utumishi, nikajibiwa kwamba fedha "imetumika kupunguza gharama za mpango." Gharama za nani? Mwaka uliofuata makato kwenye hati zetu za mshahara yalipanda, na hakuna mstari hata mmoja unaoonyesha punguzo. Tulipoomba hesabu tukaambiwa hayo ni mambo ya ndani ya kampuni. Yaani fedha iliyokatwa kwenye jasho langu imegeuka siri ya mtu mwingine! Konda akirudisha chenji yako hawezi kumpa abiria wa siti ya mbele halafu akuambie mtaelewana wenyewe. Huku ndivyo inavyofanyika, tena kwa mujibu wa sheria.

Hapa ndipo nawageukia wanasiasa, hasa wale wa chama cha Democrat waliokitunga kifungu hiki. Mlipigania jambo la haki kabisa, halafu mkalipitisha mlango wa nyuma. Marejesho ya kwanza yalitoka miezi mitatu tu kabla ya uchaguzi wa Novemba 2012, na wapiga kura walio wengi hawakujua. Kura za maoni za KFF, taasisi ya huku ya utafiti wa sera za afya, zilionyesha tena na tena kwamba kifungu hiki ni miongoni mwa visivyojulikana sana katika sheria nzima. Julai 2013 Obama alisimama Ikulu pamoja na watu waliopata marejesho, akasema watu milioni 8.5 wanarudishiwa wastani wa dola 100 hivi. Hotuba nzuri. Lakini hotuba haimfikii mtu ambaye hundi yake imeishia kwenye akaunti ya bosi.

Linganisheni na Aprili 2020. Hundi za msaada wa korona zilitumwa majumbani zikiwa zimechapwa jina la Trump. Haikuwa fedha yake, ilipitishwa na Bunge kwa kura za vyama vyote viwili, lakini jina la nani watu wanalikumbuka mpaka leo? Mimi siyo shabiki wake. Nasema tu kwamba alielewa jambo ambalo wenzake wamekataa kulielewa: mtu hutetea anachokiona mkononi mwake.

Na hasara yake tumeiona. Ruzuku ya serikali kwa ada za wanaojikatia bima wenyewe, iliyoongezwa mwaka 2021, nayo ilikuwa ikilipwa moja kwa moja kwa kampuni za bima. Ilipokaribia kwisha, shughuli za serikali zilifungwa siku 43, Oktoba hadi Novemba 2025, wanasiasa wakiigombania, na bado ikafa mwishoni mwa Desemba. KFF walikadiria wastani wa ada ya mwaka kwa mnufaika ungepanda kutoka dola 888 hadi 1,904. Nawajua watu waliokuja kujua kwamba walikuwa wanasaidiwa siku ile tu msaada ulipoondoka. Halafu Trump akasema fedha ziende moja kwa moja kwa wananchi, zisipitie kwa kampuni. Kwa maoni yangu, bahasha ya fedha haimsaidii mgonjwa wa figo kama hana bima inayomkubali. Lakini maneno yale yaliwaingia watu, kwa sababu kwa miaka zaidi ya kumi hakuna aliyehangaika kuwaonyesha fedha zao zinapita wapi.

Kampuni nazo hazijalala. Faida na matumizi yao mengine yakifungwa kwenye asilimia 20 ya ada, matibabu yakipanda bei ada inapanda na hiyo 20 inanona, kwa hiyo haraka ya kubana gharama inatoka wapi? Na siku hizi kubwa kati yao zinamiliki kliniki na maduka ya dawa: zinajilipa zenyewe, malipo yanahesabiwa kama matibabu.

Ninachotaka ni hiki: marejesho yaje kwa jina la aliyekatwa, kwa kiasi kilichoandikwa, na yaonekane kwenye hati ya mshahara. Mwajiri achukue sehemu yake na aonyeshe hesabu. Basi.

Nanyi mlioko nyumbani Tanzania, bima ya afya kwa wote imeshapata sheria yake tangu 2023. Waulizeni wabunge wenu sasa hivi, kabla makato hayajazoeleka: katika kila shilingi 100 ninayochangia, ngapi lazima zifike hospitali, na zisipofika zinarudi kwa nani?

Walioko Marekani, barua hizi hutoka kuelekea mwisho wa Septemba. Msizitupe. Waandikieni HR, siyo kwa mdomo, mwombe jumla iliyopokelewa na mgawanyo wake; wakikaa kimya, Wizara ya Kazi inapokea malalamiko ya mipango ya waajiri binafsi. Na kama kuna mtu humu ambaye mwajiri wake amewahi kumwonyesha hesabu hiyo kwa maandishi, aiweke hapa tuone ilivyofanyika.