Naomba ushauri: kijana wetu alikiri kosa, sasa wanataka kumrudisha Kongo
Ndugu zangu, shikamooni wakubwa. Niko Louisville, Kentucky, Wakongo tuko wengi hapa. Kijana wa jirani yangu, si raia bado, alikiri kosa ili atoke mahabusu haraka. Sasa wanataka kumfukuza nchini. Inaniuma, maana tangu 2010, kwenye kesi ya Padilla iliyoanzia hapa hapa Kentucky, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema wakili lazima amweleze mteja asiye raia hatari hiyo kabla hajakiri.

Tunataka kikundi cha kusindikizana mahakamani na kufundishana haki kwa Kiswahili, ila wazazi wanaogopa hata kuandika majina. Mliowahi kufanya hivi mlianzia wapi, kanisani au nyumba kwa nyumba? Na huyu kijana, tumtafutie kwanza wakili wa jinai au wa uhamiaji?