Semikoloni (;) kwa Kiingereza inawekwa wapi hasa?

Mpakani_Busia:
Habarini nyote. Mimi nafanya klaring, yaani kupitisha mizigo forodhani, hapa Busia upande wa Uganda, na siku nzima ni kuandika imeili na ripoti za malori kwa Kiingereza. Sasa tumeletewa bosi mpya, huyu mzee anapenda semikoloni mpaka basi, ripoti inarudi na kalamu nyekundu, palipokuwa na koma ameweka semikoloni, palipokuwa na koloni (:) ameweka semikoloni. Ukimuuliza sheria ni gani anakwambia "ni pumziko refu kuliko koma, fupi kuliko nukta." Sasa mimi nitapima pumzi kwa saa ama? Sekondari tuliigusa tu ile kitu, kwa mtihani ukiweka koma na nukta vizuri unapita. Hizi hapa ni sentensi za wiki hii baada ya yeye kuzipitia, mniambie zipi ziko sawa:

1. "The truck arrived late; the seal was intact."
2. "Although the truck arrived late; the seal was intact."
3. "The driver carried the following documents; the manifest, the logbook and his passport."
4. "The truck was delayed, however; the cargo is safe."

mwalimu_mbale:
Ya kwanza tu ndo iko sawa, zingine tatu hapana.

Fanya hivi ssebo: toa semikoloni weka nukta, alafu soma kila upande peke yake. "The truck arrived late." Imesimama. "The seal was intact." Imesimama pia. Na hizo habari mbili zina uhusiano, lori limechelewa lakini hakuna aliyegusa mzigo, kwa hiyo badala ya kuzitenga kabisa na nukta unaziweka jirani kwa semikoloni. Herufi inayofuata inabaki ndogo, isipokuwa ni jina la mtu au mahali. Ukiweka koma tupu hapo kati ni kosa, na hilo ndo kosa ninalolikuta kwa insha za wanafunzi kuliko lote, wanaunga sentensi tano kwa koma kama vile nukta inauzwa.

Namba 2, soma upande wa kushoto peke yake: "Although the truck arrived late." Enhe, alafu? Unasubiri, haijaisha. Ukianza na "although", "because", "when", "if", hapo kati ni koma. Namba 3 unataja orodha, na kabla ya orodha ni koloni, kwa hiyo wewe ulikuwa sawa, mzee ndo ameharibu. Namba 4 alama zimebadilishana viti, inatakiwa "The truck was delayed; however, the cargo is safe." Semikoloni kabla ya "however", koma baada yake. "Therefore" na "moreover" zinaenda hivyo hivyo zikiunganisha sentensi mbili.

Ila huyo bosi wako msimcheke sana, hayo ya pumziko hajayatunga. Vitabu vya sarufi vya Waingereza vya karne ya 18 vilifundisha hivyo, kwa koma unahesabu moja, semikoloni mbili, koloni tatu, nukta nne. Zamani alama zilikuwa za kumsaidia anayesoma kwa sauti. Siku hizi tunaangalia muundo wa sentensi.

kodi_kla:
Kwa lugha za kompyuta kama Java na C ukisahau semikoloni mwisho wa mstari programu inakataa kabisa, hakuna mambo ya pumzi 😂 Na Wagiriki wao hiyo alama ndo alama yao ya kuuliza, kuna watu wabaya wanachukua ile ya Kigiriki wanaipachika kwa kodi ya programu ya mwenzao, kwa macho ni ile ile lakini kompyuta inaikataa, mtu anakesha anatafuta kosa halionekani.

Nyabo_wa_Jinja:
Mimi naona mnajisumbua bure. Niko kwa ofisi miaka mingi na barua zangu ni nukta na koma, hakuna aliyewahi kurudisha. Alama ilianza Venice huko miaka ya 1490 kwa mchapishaji Aldus Manutius, ya watu wa vitabu hiyo, sasa ripoti ya lori la saruji inaihitaji ya nini? Andika sentensi fupi, piga nukta, nenda nyumbani.

mwalimu_mbale:
@Nyabo_wa_Jinja kwa sentensi za kawaida nakubali, nukta haijawahi kumfukuzisha mtu kazi. Lakini kuna mahali nukta haiwezi, na huyu ndugu yetu wa mpakani ndo anapahitaji zaidi, ni orodha ambayo ndani yake kuna koma tayari. Andika malori yamelala wapi kwa koma tupu: "Eldoret, Kenya, Busia, Kenya, Busia, Uganda, and Kigali, Rwanda." Banange, hapo ni miji mingapi? Busia ziko mbili, msomaji anapotea. Sasa: "Eldoret, Kenya; Busia, Kenya; Busia, Uganda; and Kigali, Rwanda." Vituo vinne, kila mtu anaona. Na hapa usilete ile ya kusoma kila upande peke yake, haifanyi kazi kwa orodha.

Nyabo_wa_Jinja:
Hiyo ya Busia mbili umenipata. Lakini zingine bado naweka nukta.

Mpakani_Busia:
Asante sana mwalimu. Mzee sitamwambia amekosea, nitaandika tu vizuri nione kama kalamu nyekundu itatoka. Angalia hii ya kesho: "Two trucks crossed on Monday; the third is still at the weighbridge; but the owner has been informed."

mwalimu_mbale:
Ya kwanza iache. Hiyo ya pili toa, kabla ya "but" inayounga sentensi fupi hivi weka koma: "...the third is still at the weighbridge, but the owner has been informed." "And" na "so" pia ni hivyo. Na semikoloni mbili kwa sentensi moja usizoee, mzee atafikiri umemzidi.