Naomba ushauri: sanamu za mapambo kutokana na mipira ya michezo

Ndugu zangu, naomba ushauri kwa yeyote mwenye uzoefu wa kutengeneza nyumbani sanamu ndogo za mapambo kwa kutumia vifaa vya michezo vilivyochakaa. Nakusudia kuunda malaika ambaye gauni lake ni kile kimpira chenye manyoya kinachochezewa badminton, kikiwa kimesimamishwa kwa upande wake mpana, na kichwa chake ni mpira wa gofu.

Tatizo kubwa ni uzito. Mpira wa gofu hukaribia gramu 46, ilhali kimpira cha manyoya kina gramu 5 hivi, kwa hiyo sanamu huanguka hata ikiguswa kidogo. Je, nijaze plasta ndani ya gauni, au nibandike chini yake kipande cha ubao? Mpira wa tenisi ya mezani ungekuwa mwepesi zaidi, kwani una gramu 2.7 tu, lakini ile ya zamani ilitengenezwa kwa seluloidi, ambayo hushika moto upesi, nami nasita kuisogezea gundi ya moto. Isitoshe, vile vishimo vya mpira wa gofu vinanipendeza mno. Vinaupa uso haiba ya pekee.

Jambo la pili ni rangi, ambayo hubanduka kwenye ganda laini la mpira wa gofu. Naomba kujua kama inatosha kulikwaruza kwa msasa kabla ya kupaka, au ni lazima kutanguliza rangi ya msingi, na ni gundi gani hushikamanisha vyema plastiki na manyoya bila kuyakunja.